Jina Ambalo Mama Hakulitaja

Wiki iliyopita mwanamke mmoja wa kwetu alipita sokoni Dongobesh na kibuyu begani, akasimama karibu na gunia ninalochambulia vitunguu saumu. Alipokizibua ili anionjeshe maziwa, harufu ilinifikia kabla ya maziwa yenyewe. Ni harufu ya kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto mpaka kikashika moshi mtamu, ili maziwa yakae siku nyingi bila kuharibika. Mama yangu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Kwa miaka saba mimi nilihangaika harufu ile initoke kwenye nywele na nguo, nikaoga kwa maji ya baridi ya kijijini Daudi mpaka ngozi ikapasuka, na ikatoka. Nilikunywa maziwa ya yule mama, nikamshukuru kwa lugha yetu, naye akashangaa. Alidhani mimi ni Mwairaqw, si Mdatoga kama yeye.

Sikumlaumu. Mtu akikaa mahali tangu akiwa na meno ya utoto, mahali pale panamkaa. Lakini nilirudi kwenye vitunguu nikiwa na uchungu, na uchungu huo ndio ninaojaribu kuuandika.

Nilizaliwa tambarare, upande wa Mogitu, mahali ambapo ukitoka nje ya boma asubuhi Mlima Hanang unakujaa machoni. Sisi ni Wadatoga, watu wa ng'ombe. Baba yangu alichunga ng'ombe wake pamoja na ng'ombe wa rafiki yake, Mwairaqw wa Daudi aliyeitwa Mzee Tluway. Huko juu Daudi mashamba yamebanana, mahindi na maharage yanafika hadi ukutani mwa nyumba, na mtu mwenye ng'ombe zaidi ya watatu hana pa kuwalisha. Kwa hiyo Tluway aliwaweka kwetu. Baba alikunywa maziwa yao na kuwatunza, na ndama waliozaliwa walibaki wa Tluway, wakakatwa sikio kwa alama ya Tluway. Urafiki huo ulianzishwa na baba zao, na hakuna aliyewahi kuuandika popote. Baba alimjua mama wa kila ng'ombe na bibi yake, hadi vizazi ambavyo Tluway mwenyewe alishavisahau. Kwetu ni aibu kuwa na mnyama usiyejua katoka tumbo gani.

Kiangazi tulihama kufuata majani. Siku moja mke wa Tluway, Mama Paskali, alikuja kuwaona ng'ombe wao, akanikuta nachora chini kwa kijiti. Alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno mengi.

"Mama, nipe huyu akasome na Yasinta wangu," alimwambia mama. "Ninyi mkihama, shule nayo inahama nyuma ya ng'ombe?"

Mama alicheka, akamwangalia baba. Baba alichokonoa meno.

"Aende," alisema mwishowe. "Ng'ombe wao wanakula kwangu. Mtoto wangu akale kwao."

Mimi nilielewa kwamba nimewekwa, kama ng'ombe wanavyowekwa, na kwamba siku moja nitarudishwa nikiwa na ndama. Haikuniudhi. Ng'ombe waliowekwa kwetu walikuwa wanene.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mwanamke wa Kidatoga akishaolewa hataji jina la baba mkwe wake. Hataji pia majina ya wakubwa wengine wa upande ule, walio hai na waliokufa. Hata neno la kawaida likifanana na jina mojawapo, analiacha na kutafuta jingine, na wanawake wana maneno yao mengi kwa kazi hiyo. Ni heshima. Babu yangu, baba wa baba, aliitwa Gidamuhal. Baba yangu aliitwa Gidabala, jina alilopewa kutokana na kaka wa babu, kwa hiyo nalo mama hakulitaja. Mumewe alimwita baba wa fulani, akitaja jina la mmoja wetu watoto.

Mimi sikuwahi kuelezwa hayo. Niliona tu kwamba wanaume wakimtaja babu kwenye nyimbo za ng'ombe, mama huinamisha kichwa na kuweka kiganja mdomoni. Wageni wakiuliza boma hili ni la nani, mama hutazama pembeni na kaka yangu mkubwa ndiye anayejibu. Kwa akili yangu ndogo nikaamua kwamba Gidamuhal ni tusi. Nilidhani babu alifanya jambo baya, wanaume hawana haya, ndiyo maana wanalitaja, na mama ana haya. Mara nyingine nikiwa peke yangu na mbuzi nililisema kwa sauti, kisha nikageuka kuangalia kama kuna mtu amesikia.

Siku ya kuandikishwa, mama na mimi tulisafiri kwa magari matatu mpaka Daudi. Lilikuwa jambo kubwa kwake, maana hakuwa amepanda gari ila mara moja, alipokuwa mgonjwa. Baba alikuwa mbali na kundi. Tluway alikuwa shambani. Aliyetupeleka shuleni ni Mama Paskali, akiwa amemshika Yasinta mkono huu na mimi mkono ule. Kulikuwa na ukungu, na nje ya ofisi wazazi walikuwa wamepanga mstari, wote wamevaa makoti na kofia za sufu, wote wanajuana. Mama alisimama na shuka lake na bangili za shaba, na watu wakatuachia nafasi kubwa kuliko tuliyohitaji.

Mwalimu aliyekuwa anaandika alikuwa na daftari kubwa na mafua. Alimwandika Yasinta haraka, Yasinta Tluway, kisha akaniangalia.

"Huyu anaitwa nani?"

"Udamalda," alisema mama, taratibu.

"Hana jina la ubatizo?"

"Mwandike Paulina," Mama Paskali aliingilia. "Tutambatiza."

"Paulina. Baba yake anaitwa nani?"

Mama alitazama meza.

"Mama, nakuuliza. Baba wa huyu mtoto ni nani?"

"Ni mume wangu," alisema mama.

Watu nyuma yetu walicheka. Mwalimu naye alitabasamu, akapenga kamasi.

"Hilo nashukuru kulijua. Anaitwaje huyo mume wako?"

"Wanamwita Gida," Mama Paskali alisema.

"Gida nani? Magida wako wangapi huko chini? Kila mwanamume wao ni Gida."

Mama Paskali hakujua zaidi. Kwa watu wa Daudi kila mwanamume wa kwetu alikuwa Gida, basi, na mumewe akimtaja baba alisema rafiki yangu wa Hanang. Alimgeukia mama akamsemesha kwa Kiiraqw, mama akatikisa kichwa. Mwalimu akauliza jina la babu, labda hilo litasaidia. Hapo mama alinishika kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akakibana kwa nguvu.

Nililijua jina la babu. Nililijua la baba. Yote mawili yalikuwa mdomoni, tayari. Lakini nilielewa kwamba mama ananibana ili ninyamaze, nisije nikatoa tusi lile mbele ya watu wenye makoti. Nikakaza midomo. Akabana tena, nikakaza zaidi, nikijivunia kwamba ninatii. Ilikuja kupita miaka mingi ndipo nikajua kwamba alikuwa ananiomba nijibu. Kinywa cha mtoto hakifungwi na heshima ile. Mwanamke wa kwetu akiulizwa asichoweza kutaja, humgusa mtoto, na mtoto hutaja. Kaka yangu alijua. Mimi sikuwa nimefundishwa, na mama hakuwaza kwamba kuna mtoto asiyejua.

"Jamani, mstari ni mrefu," alisema mwalimu. "Atakaa kwa nani?"

"Kwangu, kwa Tluway," alisema Mama Paskali.

"Basi Paulina Tluway. Anayefuata."

Tukatoka. Nje mama alinitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa, kisha akanifunga vizuri kanga ya Mama Paskali niliyokuwa nimejifunika. Jioni Tluway alipoambiwa, alikuna kidevu, akasema ni jina la shule tu, halina neno. Nadhani aliamini hivyo. Mtu ambaye jina lake linajulikana na mwalimu, padri, mwenyekiti wa kijiji na mwenye duka, anaweza kuamini kwamba jina ni kitu chepesi.

Nilikaa Daudi miaka saba. Sitasema nilinyanyaswa, kwa sababu si kweli. Nilikula makande waliyokula wao, nililala kitanda kimoja na Yasinta, na Mama Paskali alininunulia sweta la kijani siku ileile aliyomnunulia yeye. Shuleni ndiko maneno yalikuwepo.

"Paulina, ng'ombe wako wanakuita," watoto walisema kila ng'ombe alipolia bondeni. Au, kwa jina la dharau wanalotuita sisi Wadatoga: "Mang'ati hajui kulima, mpeni fimbo asimame."

Yasinta alinitetea kwa namna yake. "Huyu si Mang'ati, ni wa kwetu," alisema, na mimi nilishukuru, nikaona ni utetezi.

Likizo nikirudi Mogitu, watoto wa kwetu nao waliniangalia sweta.

"Umevaa kondoo?" aliniuliza binamu yangu.

"Huko kuna baridi."

"Ndiyo maana mnakaa ndani kama kuku."

Alisema mnakaa. Hata yeye alishanihesabia huko.

Nilikuwa mwenye haya, na mwenye haya husoma vizuri kwa sababu daftari halimjibu. Kila asubuhi kwenye mahudhurio nilisimama, mikono nyuma, nikaitika Paulina Tluway. Nilijifunza pia mambo ambayo hayakuwa kwenye daftari. Niliona kwamba wenzangu hata walipokuwa wavivu kulikuwa na kitu kinawashikilia. Mwalimu wa hesabu alikuwa shemeji wa jirani. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa mjomba wa watoto wanne darasani. Mzazi akiitwa shuleni alivuka mashamba mawili akafika akiwa na jembe bado mkononi. Mwalimu akihama, anayekuja anakuta watu walewale mahali palepale. Wazazi wangu wakiitwa, mtu alipaswa kwanza kujua wamehamia wapi. Baba alikuja mara mbili tu kwa miaka yote, na mara zote mbili alifika nyumbani kwa Tluway, akaongea habari za ng'ombe, akanishika kichwa, akaondoka. Ripoti zangu zilisomwa na Tluway. Baba hajui kusoma, na kwa nini angeuliza mtoto wake anaitwaje? Yeye ndiye aliyeninunulia jina kwa kumchinjia bibi yangu kondoo siku ya kulitoa.

Nami sikumwambia. Niliamini mama alichagua jina lile kuficha aibu ya lile jingine, na siri ya mama hailetwi kwa baba.

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka nilikuwa nimefaulu kwenda sekondari. Yasinta alifeli. Mama Paskali alilia kidogo kwa ajili yake, kisha akapika kuku kwa ajili yangu, na sidhani kuna wanawake wengi wanaoweza kufanya yote mawili siku moja. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mgeni kwenye shule yetu, alisema wazazi wa waliofaulu waje kusaini fomu za kujiunga na kupewa orodha ya vitu vya kupeleka bweni: godoro, ndoo, sare, jembe. Tluway alimtumia baba ujumbe kwa simu ya mtu wa Mogitu. Baba akaja, na mama akaja nyuma yake.

Nakumbuka nilivyomwona baba akipanda njia ya shule. Alikuwa amevaa shuka jipya na amebeba fimbo yake nzuri, ile ya kwendea kwenye vikao vya wazee. Tluway alikuwa pembeni yake, wanacheka. Nilisikia baba akisema, "Yule ndama aliyezaliwa mapacha, huyu sasa ni wa namna ile," na nikajua ananisema mimi. Hajawahi kunisifu tena kama siku ile.

Mama alikaa nje kwenye nyasi. Sisi watatu tuliingia ofisini.

"Shikamooni," alisema mwalimu mkuu, aliyekuwa kijana.

"Marahaba," wazee walijibu.

Mwalimu alichukua fomu juu ya rundo. "Haya. Paulina Tluway."

Baba hakusogea. Alikuwa anatazama ukuta wenye picha ya mwili wa binadamu. Alidhani anaitwa mtoto wa mtu mwingine, akawa anasubiri zamu yake.

"Mzee, ni wewe."

"Huyo ni wa Tluway," baba alisema kwa upole. "Mimi wangu ni huyu." Akaninyooshea fimbo.

"Ndiye huyu. Ndilo jina lake."

Baba alimtazama Tluway. Tluway alitazama miguu yake.

"Nani alimpa?"

"Ni tangu alipoandikishwa," mwalimu alisema, akifunua daftari la zamani. "Paulina Tluway, tangu darasa la kwanza. Hata mtihani amefanya kwa jina hili. Hakuna kosa, mzee, sahihi yako tu."

"Nimeuliza nani alimpa."

Kupitia mlangoni nilimwona mama, ameweka kiganja mdomoni. Baba akanigeukia. Hakuwa amekasirika bado, nataka hilo lieleweke. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka msaada.

"Wewe. Mwambie mwalimu wewe ni nani."

Miaka yote nimekuwa nikijiuliza kilichotokea kwangu. Nilijua anachotaka. Wakati ule nilikuwa mkubwa, nilishajua kwamba Gidamuhal si tusi. Lakini nilikuwa ofisini, mbele ya mwalimu mkuu mwenye daftari la mahudhurio mkononi, na mwili wangu ulikuwa umejibu swali lile kila asubuhi kwa miaka saba. Nikasimama wima, mikono nyuma.

"Naitwa Paulina Tluway."

Baba alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa jambo alilokuwa halioni vizuri.

"Rafiki yangu," Tluway alisema, "ni karatasi tu."

"Ng'ombe wako walioko kwangu," baba alisema, "nikiwakata sikio kwa alama yangu, utasema ni sikio tu?"

Mwalimu aliingilia akaeleza kwamba jina linaweza kubadilishwa. Mzee anaweza kwenda wilayani, atafute cheti cha kuzaliwa, ale kiapo kwamba mtoto ni wake, kisha barua zipelekwe, ila kwa sasa muda ni mfupi na jina hili ndilo lenye nafasi.

"Niape kwamba mtoto wangu ni wangu?"

"Ndiyo utaratibu, mzee."

"Kwa nani? Nani mwingine anamdai?"

Mwalimu aliiangalia fomu, akaangalia saa ukutani. Nje kulikuwa na wazazi wengine. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna njia ya haraka. Kwa kuwa karatasi zinasema Tluway, Mzee Tluway asaini, mtoto aende shule, mengine yatafuata. Akamsogezea Tluway kalamu.

Tluway aliishika. Aliweza kuandika, aliandika vizuri, mwandiko wa kulala. Nilimwona akiinama juu ya fomu yangu. Nilimtazama kuliko nilivyowahi kumtazama mtu yeyote, na ndani yangu nilisema saini, saini, saini. Baba alisimama tu na fimbo yake.

Tluway akaweka kalamu chini.

"Siwezi kuchukua mtoto wa mtu aliyesimama mbele yangu," alisema.

Lilikuwa neno la mtu mwema. Wote mle walikuwa watu wema. Mama alimheshimu mkwe wake, Tluway alimheshimu rafiki yake, baba alimheshimu baba yake aliyekuwa kaburini, na mimi niliheshimu daftari. Sijawahi kuona heshima nyingi namna ile mahali pamoja, na ilinikalia mimi kifuani kama gunia.

Tulishuka tambarare siku ileile. Njiani baba alitangulia. Mama alipojaribu kusema, alisema kwa sauti ndogo, "Ningelitajaje mbele ya watu?" Baba akajibu kwamba hakumlaumu, alifanya sawasawa. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kwa macho yake mama alikuwa amemheshimu babu, na babu huyohuyo ndiye aliyefutwa, na hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yalifanywa na mdomo mmoja uliofungwa.

Mwezi uliofuata Paskali, kijana mkubwa wa Tluway, alikuja na mwenzake kuwachukua ng'ombe wao. Hakukuwa na ugomvi. Baba aliwatenga mmoja mmoja, akimtaja kila ng'ombe na mama yake, na Paskali alikuwa anaitikia tu bila kushika kitu. Walipopotea kwenye vumbi baba aliingia ndani akalala mchana, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa mgonjwa. Shule zilifunguliwa wiki ileile. Nilikuwa nachota maji.

Ilipopita miaka miwili baba alikwenda wilayani mwenyewe. Alikwenda mara tatu, akaambiwa rudi na shahidi, rudi na picha, rudi Jumatatu. Mara ya tatu alirudi na cheti cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa nailoni, ameuweka chini ya shuka, kifuani. Aliniita, akakifunua, akaniambia nisome kwa sauti. Udamalda Gidabala Gidamuhal. Mama alitoka nje. Baba alinirudisha nisome tena, na tena, huku amefumba macho. Alikuwa amekubali kula kiapo, na nilielewa alikula kwa ajili ya baba yake. Hakuuliza kuhusu shule. Aliyefaulu alikuwa Paulina Tluway, na msichana huyo hakuwepo tena kwenye karatasi yoyote ya baba.

Yasinta, yeye, mama yake alimpeleka Dongobesh kujifunza cherehani kwa shangazi. Leo ana mashine mbili na anashona sare za wanafunzi. Kufeli kwake kulimfikisha mbali kuliko kufaulu kwangu, kwa sababu yeye alipoanguka aliangukia juu ya watu. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi ya kuchambua vitunguu saumu kwa mfanyabiashara mmoja hapa, na jioni nikipita kibandani kwake ananipa chai. Hatuongelei jambo lile. Nikimwona anapima kitambaa cha sare huwa naangalia barabarani.

Mwezi uliopita ndiye aliyenieleza kwamba kuna mafunzo ya wasaidizi wa jikoni na usafi, kwa mahali ambapo mtu anaajiriwa na kupewa chumba. Wanataka aliyemaliza darasa la saba, basi. Nilivaa vizuri, nikabeba karatasi zangu mbili. Aliyekuwa anaandikisha ni mama mmoja wa makamo, mpole, miwani imeshuka puani. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akanikaribisha kiti.

"Cheti cha kuzaliwa?"

Nikampa.

"Udamalda Gidabala Gidamuhal," alisoma kwa taabu. "Jina zuri, ila linavunja ulimi. Na cha shule?"

Nikampa. Alikiangalia, akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele. Akaweka karatasi mbili sambamba juu ya meza.

"Hiki cha Paulina Tluway ni cha nani?"

Ningeweza kumweleza. Ningeanzia wapi? Ningemweleza habari za ng'ombe, au za kidole kilichobanwa? Nyuma yangu kulikuwa na wasichana wengine wanane, wote na cheti kimoja kimoja, wote wakisikiliza. Mdomo wangu ulikauka kama unavyokauka siku zote mbele ya meza.

"Ni cha mtu niliyesoma naye," nilisema.

Alinitazama juu ya miwani kwa huruma. Alikirudisha kwangu taratibu, akanionya kwamba kutumia cheti cha mwingine ni kosa, nishukuru nimekutana na yeye. Kisha, kwa kuwa fomu alishaianza na hakutaka kuichana, akashuka mpaka mahali pa elimu, na kwa vile sikuwa tena na cheti cha shule kilicho changu, akaandika: hajui kusoma. Niliyasoma maneno hayo nikiwa upande wa pili wa meza, herufi zikiwa zimepinduka, kabla hajaweka nukta.